Sura ya Sita: Ukoo wa Gesi

Katika Mtaa wa Kongo, Kariakoo, gesi tatu hupita kila siku mbele ya macho ya watu na hakuna anayehangaika nazo. Ya kwanza imo kwenye kreti za soda zinazopenya kati ya machinga juu ya guta. Ya pili ndiyo inayoyavuta juu yale mapulizo ya rangi ya fedha yanayonunuliwa kwa ajili ya harusi na siku za kuzaliwa. Ya tatu mtaani huioni kabisa, maana imekwisha kuchomwa: ni methani iliyofua umeme kule Kinyerezi, pembezoni mwa Ilala hiihii, na sasa inazungusha feni na cherehani za ghorofani. Hewa ukaa, heliamu na methani. Ndizo hizohizo ambazo wanasayansi huzifuata chini ya bahari, kilomita mbili na zaidi, kwa meli ambazo gharama yake ya siku moja ingenunua duka zima Mtaa wa Aggrey.

Huko chini wanachouliza ni kitu kimoja: hii imetoka wapi? Swali hilo linafaa kuulizwa Kariakoo pia, na majibu yake yanashangaza, kwa sababu jina la gesi halikuambii lolote kuhusu asili yake. Hewa ukaa ya volkano na hewa ukaa ya hamira ni kitu kimoja kwa pua, kwa ulimi na kwa jicho. Ili kujua ukoo wa gesi inabidi uzipime atomu zake kwa uzito, halafu uangalie imefuatana na nani.

Tuanzie baharini. Februari 1977 nyambizi ndogo ya Marekani iitwayo Alvin ilishuka karibu na visiwa vya Galápagos, kina cha mita 2,500 hivi. Msafara ulikuwa wa wanajiolojia na wanakemia. Mwanabiolojia hakuwemo hata mmoja, kwa kuwa hakuna aliyedhani kwamba kwenye giza lile kungekuwa na viumbe wa maana. Wakakuta chaza wakubwa na minyoo mirefu wamejazana kando ya nyufa zinazotoa maji ya uvuguvugu. Miaka miwili baadaye, kwenye safu ya milima ya chini ya Pasifiki mkabala na Meksiko, nyambizi hiyohiyo ilikuta dohani za mawe zikitapika maji meusi. Kijiti cha kupimia joto kilianza kuyeyuka. Walipokuja na kifaa imara zaidi walipata nyuzijoto 350 na ushee. Maji ya moto kiasi hicho hayakuwa yakichemka, kwa sababu uzito wa bahari uliyakandamiza kwa nguvu ya zaidi ya mara 250 ya hewa tunayoibeba sisi.

Kandamizo hilo linawasumbua sana watafiti wa gesi. Anayefungua soda Kariakoo anaujua mkasa wenyewe: kizibo kikitoka, gesi iliyokuwa imetulia ndani ya kimiminika inakimbia. Ikiwa soda ni ya moto inakimbia upesi zaidi na kukumwagikia mkononi, maana kimiminika chenye joto hakiwezi kushika gesi nyingi. Maji ya dohani yakipandishwa juu ndani ya chupa ya kawaida yanafanya hivyohivyo, na chupa ikifika kwenye sitaha ya meli nusu ya ushahidi imeshapotea. Ndiyo maana hutumia mitungi ya titani isiyovuja, inayotunza kandamizo la kule chini mpaka maabara. Hapo gesi hufunguliwa kidogo kidogo na kuhesabiwa.

Hesabu ya gesi hizo inaonyesha mchanganyiko wa watu wa koo nyingi. Maji ya bahari yenyewe, kabla hayajazama kwenye nyufa, yalikuwa yamebeba naitrojeni na agoni kutoka hewani; hizo hurudi jinsi zilivyokwenda. Njiani, chini ya sakafu ya bahari, maji hukutana na miamba yenye chuma. Chuma hujitwalia oksijeni ya maji, na haidrojeni hubaki mjane. Ile gesi yenye harufu ya yai viza, haidrojeni salfaidi, ina wazazi wawili: sehemu imechujwa kutoka kwenye salfa ya mwamba, na sehemu ni chumvi za salfa za bahari zilizogeuzwa na joto. Hewa ukaa nyingi hutoka kwenye mwamba ulioyeyuka, ambao unapopanda na kupunguziwa uzito huachia gesi zake. Methani ina maneno mengi, tutaifikia. Na katikati ya hao wote kuna heliamu kidogo sana, ambayo kwangu mimi ndiyo shahidi bora. Haichangamani na chochote, haiozi, haipikiki, na hakuna bakteria anayeila.

Heliamu ziko mbili. Heliamu-4 huzaliwa kila siku: urani na thoriamu zilizomo kwenye miamba zinapochakaa, hutema chembe ambazo ndizo heliamu-4. Granaiti ya zamani yenye urani ni kiwanda chake, kiwanda cha polepole kisicho na likizo. Heliamu-3 ni tofauti. Karibu yote iliyomo ndani ya Dunia iliingia humo wakati Dunia inaundwa, miaka bilioni 4.5 iliyopita, na tangu hapo inavuja tu. Katika hewa tunayovuta, kwenye kila atomu milioni moja za heliamu, heliamu-3 ni moja na kitu. Kwenye gesi ya matundu ya bahari kuu uwiano huo ni mara 8 hivi ya ule wa hewani. Kwenye gesi iliyotoka kwenye gamba la juu la Dunia, penye granaiti, unashuka mpaka karibu sehemu mbili kwa mia ya ule wa hewani. Pengo la kati ya namba hizo mbili ni la mamia, kwa hiyo kipimo kimoja safi kinatosha kukuambia kama umeshika gesi ya juujuu au gesi iliyotoka kwenye tabaka la kati, chini kabisa ya gamba.

Na kwamba gesi hiyo ya ndani inatoka baharini ilijulikana kabla dohani yoyote haijaonekana. Mwaka 1969 W. B. Clarke, M. A. Beg na Harmon Craig walipima maji ya kina kirefu ya Pasifiki wakakuta heliamu-3 imezidi. Walitambua kwamba Dunia bado inatoa gesi yake ya kuzaliwa kupitia sakafu ya bahari, wakati ambapo hakuna aliyekuwa ameona tundu linakotokea. Baadaye Craig na John Lupton waliifuata gesi hiyo kutoka kwenye safu ya mashariki ya Pasifiki ikielekea magharibi katikati ya maji, zaidi ya kilomita 2,000. Moshi wa dohani ulikuwa umeshatua kitambo; heliamu ilikuwa bado safarini.

Bahari yetu ilichelewa. Dalili za gesi majini zilikuwa zimeonekana, lakini tundu hai la kwanza la Bahari ya Hindi lilipigwa picha Agosti 2000, pale Wajapani walipoteremsha roboti yao Kaiko karibu na mahali zinapokutana safu tatu za milima ya chini ya bahari, kusini mashariki ya Rodrigues. Waliliita Kairei. Maji yake yana nyuzijoto 360 hivi na haidrojeni nyingi kuliko kawaida, kwa sababu jirani na hapo kuna miamba yenye chuma ya aina ile iliyotoka chini ya gamba. Konokono wa huko huvaa magamba yenye madini ya chuma na salfa kwenye mguu wake. Mwaka 2019 aliingizwa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka, kwa hofu ya wachimbaji wa madini ya bahari kuu.

Kutoka ufukwe wa Ocean Road mpaka Kairei ni mbali, zaidi ya kilomita elfu tatu. Lakini kuna njia ya mkato, nayo haipiti baharini. Safu za milima za chini ya bahari ni mahali ambapo vipande vya gamba la Dunia vinaachana, na Bonde la Ufa ni mahali ambapo Afrika imeanza kuachana. Kazi ni moja. Tofauti ni kwamba kwetu bahari haijaingia. Bahari ya Shamu ilianza hivyohivyo. Kwa maneno mengine, gesi ambayo kwingine hutokea chini ya kilomita mbili za maji, hapa inaweza kutokea shambani, katikati ya migomba.

Hilo limepimwa. Julai 2005 Tobias Fischer wa Chuo Kikuu cha New Mexico na wenzake walikusanya gesi kwenye kreta ya Ol Doinyo Lengai, mlima wa Wamasai unaotoa lava nyeusi ya ajabu, baridi kuliko lava nyingine zote duniani na iliyojaa kaboneti za sodiamu. Kwa lava ya namna hiyo, watu wengi walitarajia tabaka la chini lenye kaboni kupita kiasi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 katika jarida la Nature yalisema vingine: kwa heliamu, kwa kaboni na kwa naitrojeni, gesi ya Lengai inafanana na ile ya safu za bahari kuu. Tabaka la kati lililo chini ya Wamasai na lile lililo chini ya Pasifiki, kwa upande wa gesi, ni ndugu wa karibu.

Hata matundu ya moto ya chini ya maji tunayo, ziwani. Mwaka 1987 watafiti walikuta chemchemi za moto chini ya Ziwa Tanganyika, upande wa Kongo, penye Pemba (si kisiwa cha karafuu) na rasi ya Banza. Ni kina kidogo, wapiga mbizi wanafika. Banza maji hufikia nyuzijoto 100 na kitu, na yamejijengea dohani nyeupe za chokaa. Gesi za jamii ya mafuta zilizopatikana humo zilitokana na mabaki ya viumbe yaliyopikwa ndani ya tope la ziwa. Hapo ndipo ziwa linapoachana na bahari kuu: maporomoko ya tope ya miaka milioni kadhaa yameziba ufa, na chochote kinachopanda kinapita jikoni mwa tope hilo kwanza.

Sasa turudi kwenye soda, kwa kupitia Rungwe.

Chini ya mlima Kyejo, mkoani Mbeya, ardhi inatoa hewa ukaa karibu tupu, tena ya baridi. Ukiwa mgeni unaweza kupita pembeni yake usijue. Hakuna moshi wala harufu kali. Pengine ni dimbwi linalotoa mapovu asubuhi yote ilhali maji yake hayana joto, au kijishimo chenye majani mabichi na wadudu waliokufa chini. Hewa ukaa ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, kwa hiyo siku isiyo na upepo hukaa bondeni na kujaa kutoka chini kwenda juu. Mbwa anaanguka, mwenye mbwa aliyesimama anashangaa, akiinama kumwinua naye yumo hatarini. Kule Goma sehemu kama hizo wanaziita mazuku, na watafiti wamelichukua jina hilo mpaka kwenye majarida ya kisayansi wanapoandika habari za Rungwe.

Gesi hizo za Rungwe zimepimwa kwa makini. Katika baadhi ya mazuku uwiano wa heliamu unafika mara 7 hivi ya ule wa hewani, pua na mdomo na ule wa matundu ya bahari kuu, na kaboni yake nayo ina uzito wa kaboni ya tabaka la kati. Maji ya moto ya eneo hilohilo yana heliamu iliyochanganyika sana na ya gamba. Wakati maji yanazunguka kwenye nyufa za zamani yanaokota heliamu-4 njiani, gesi kavu hupanda moja kwa moja. David Hilton na wenzake walipopima mawe ya volkano za Rungwe walipata uwiano unaofika mara 15, na mwaka 2011 waliandika kwamba hiyo ni dalili ya mwamba wa moto unaopanda kutoka ndani zaidi kuliko unaolisha safu za kawaida za baharini. Ukizingatia hilo, mwanakemia wa gesi za Dunia anayekwenda Pasifiki wakati Tukuyu ipo ana sababu nyingine ya kupenda meli.

Gesi hiyo inauzwa. Kampuni ya TOL, ambayo mwaka 1998 ilikuwa ya kwanza kuandikishwa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam, ina kiwanda kijijini Ikama, Rungwe. Huvuta hewa ukaa kutoka kisimani, huisafisha, huikausha, huigandamiza na kuipoza mpaka iwe kimiminika, kisha huipakia kwenye malori ya matangi. Wateja wake wakubwa ni viwanda vya vinywaji. Njia ni ileile ya ndizi na viazi: Uyole, Makambako, Iringa, mteremko wa Kitonga, Mikumi, Morogoro, jiji. Kwa hiyo povu linalopanda kwenye chupa iliyofunguliwa kibandani Msimbazi linaweza kuwa limekaa ndani ya Dunia tangu kabla ya mnyama wa kwanza.

Linaweza pia kuwa la wiki iliyopita. Kiwanda cha bia cha Ilala, kule Mchikichini, kinazalisha hewa ukaa yake bila volkano yoyote: hamira inakula sukari ya shayiri, inaacha kileo na gesi. Kuna namna mbili za kuzitofautisha. Mimea hupendelea kaboni nyepesi, kwa hiyo gesi ya shayiri ina upungufu wa kaboni-13 wa sehemu 25 hivi katika elfu, kwa kipimo cha kimataifa. Ya tabaka la kati ina upungufu wa sehemu 5 au 6 tu. Namna ya pili ni kali zaidi. Shayiri iliyovunwa mwaka jana bado ina kaboni-14, ambayo hutengenezwa angani na kupungua nusu kila miaka 5,730. Gesi ya volkano haina hata chembe. Maabara yoyote yenye mashine ya kupima atomu hizo ingeweza kuchukua chupa mbili za soda na kusema ipi ina gesi ya shambani na ipi ina gesi ya kuzimu, na mnywaji asingesikia tofauti hata tone.

Methani ndiyo yenye ukoo wa kutatanisha. Kwanza tuondoe kitu kimoja njiani: mtungi wa gesi wa jikoni hauna uhusiano na gesi asilia ya Songo Songo. Huo ni propani na butani, huja kwa meli. Gesi ya Songo Songo ni methani, asilimia 97 hivi, iligunduliwa mwaka 1974 na kampuni ya AGIP ya Italia, ikakaa miaka 30 ikisubiri bomba, na kufika Ubungo mwaka 2004. Bomba la pili, kubwa zaidi, la kilomita 542, lilitoka Mtwara na kuishia Kinyerezi mwaka 2015. Mitambo ya Kinyerezi I ilianza na megawati 150 na ya Kinyerezi II ni ya 240. Yote hiyo ni methani ya viumbe: mabaki ya mimea na vijidudu vya bahari ya kale, yaliyofukiwa kilomita kadhaa na kupikwa kwa mamilioni ya miaka. Inatambulika kwa kaboni yake nyepesi na kwa ethani na propani chache zinazofuatana nayo.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba methani yote ya maana inatokana na uhai. Desemba 2000, katikati ya Atlantiki, meli ya Marekani ilikuta mji wa dohani nyeupe, ndefu kuliko zote mita 60, ukaitwa Lost City. Hauko juu ya volkano. Joto lake, chini ya nyuzi 100, na gesi yake vyote vinatokana na mwamba wa tabaka la kati unaolowa maji na kubadilika. Haidrojeni inayozaliwa humo hukutana na kaboni ya mwamba, na methani inaundwa bila kiumbe kuhusika. Kaboni yake ni nzito kiasi kwamba haiwezi kuchanganywa na ya Songo Songo. Waliokuwa wakitafuta mahali uhai ulipoweza kuanza walihamia huko kwa wingi, na sidhani kama wamekosea.

Ziwa Kivu limesimama katikati ya hao wawili. Humo kuna hewa ukaa kilomita za ujazo 300 hivi na methani karibu 60, vikishikiliwa chini na uzito wa maji. Hewa ukaa imetoka kwenye volkano. Sehemu kubwa ya methani imetengenezwa na vijidudu vya ziwani kutokana na hewa ukaa hiyohiyo: baba volkano, mama bakteria. Wanyarwanda wanaivuta na kufua megawati 26 kwenye mtambo wa KivuWatt, na hapo mtu akiuliza kama ni gesi ya uhai au gesi ya mwamba, hana budi kukubali vyote viwili.

Imebaki heliamu. Ile ya mapulizo, sawa na ile inayopoza sumaku za mashine za MRI mpaka nyuzi 269 chini ya sifuri, hutoka zaidi Marekani, Qatar na Algeria, ambako hutenganishwa na gesi asilia. Lakini tangu enzi za ukoloni wanajiolojia waliozunguka Tanganyika walijua kwamba chemchemi kadhaa za moto zina heliamu nyingi isivyo kawaida. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, wakiwa na kampuni ya Helium One, walitangaza kwamba bonde la Rukwa linaweza kuwa na futi za ujazo bilioni 54 za heliamu, mpaka asilimia 10 ya gesi inayotoka kwenye baadhi ya chemchemi.

Ukipima uwiano wake, hauna undugu na Kairei wala Lengai. Heliamu-3 ni haba mno. Hii ni ya gamba tupu. Granaiti na miamba mingine mikongwe ya Tanzania imekuwa ikikusanya heliamu-4 kwa zaidi ya miaka bilioni moja bila kuiachia. Kilichoifungulia ni joto la Ufa. Diveena Danabalan na wenzake walieleza kwamba mahali pana umuhimu wake: karibu mno na volkano, hewa ukaa inakuja kwa wingi na heliamu inazama ndani yake isionekane; mbali mno, mwamba unabaki baridi na hauachii kitu. Rungwe ni karibu mno, ndiyo maana kule wanajaza matangi ya hewa ukaa. Rukwa, mwendo wa saa chache tu kwa gari upande wa pili wa Mbeya, joto lilitosha na hewa ukaa haikufurika, na kisima cha Itumbula West kilichotoa heliamu mwaka 2024 kilichimbwa kwenye gesi ambayo sehemu yake kubwa ni naitrojeni.